Kiota Kikavu

Kesi nyingine humpa mpelelezi sifa. Hii ilimpa Inspekta utani. Tangu faili liingie kituoni, Sajini wa zamu alikuwa hamwiti tena afande tu, alimwita afande wa sungura, kisha akainamia kaunta kana kwamba ameangusha kalamu. Inspekta alimwacha acheke. Kilichomkosesha raha ni mwanamke aliyelala mahabusu, ambaye kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu na kusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ni mwizi.

"Amekiri, afande," Sajini alisema, akimsogezea faili. "Sasa unatafuta nini tena? Mtu akikiri, kazi imekwisha."

"Imekwisha kwa nani?"

"Kwetu sisi."

"Basi kapumzike. Mimi yangu ndiyo inaanza."

Mkasa wenyewe ulikuwa mfupi. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima bado ulimwita Mkuu, alinunua majike wawili wa sungura, weupe, wa aina kubwa. Akamwajiri mjane wa nyumba ya tatu awalishe na kuwasafishia. Dume hakuwa nalo, alipanga kulitafuta baadaye. Akasafiri kidogo. Aliporudi alikuta kila jike amejinyofoa manyoya ya kifuani na kutengeneza kiota kizuri cha nyasi na manyoya, lakini ndani ya viota hamkuwa na kitu. Mkuu alijumlisha kama alivyozoea kujumlisha ubaoni: mlishaji ameingiza dume la watu kwa siri, majike wamezaa yeye akiwa safarini, na watoto wameibwa. Alimwita mjane mwizi mbele ya majirani. Mjane akatazama chini, akasema ni kweli.

Inspekta aliagiza aletwe kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono yake ina makovu madogomadogo ya kucha za sungura.

"Keti, dada. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, afande."

"Haya, tuanze upya. Hao watoto walikuwa wangapi?"

"Wanane."

"Ukubwa wao?"

Alifungua kiganja, akakitazama. "Hivi."

"Rangi?"

"Weupe, kama mama zao. Wana manyoya laini sana. Na macho mekundu. Walikuwa wakiniangalia, afande, hata nikaona huruma."

Inspekta aliandika neno kwa neno. Hakuwahi kufuga hata kuku, na kuhusu sungura alijua hadithi tu. Lakini mwizi ambaye anakumbuka macho ya alichoiba alimpa shaka kidogo.

"Ulimpa nani?"

"Mtu tu. Wa njiani."

"Sura yake?"

"Sikuitazama."

"Dume ulilitoa wapi?"

Hapo alikwama. Alisugua kovu moja, kisha lingine. "Kwa fundi viatu. Yeye ana dume."

"Sawa." Inspekta alifunga kalamu. "Nyumbani umemwacha nani?"

"Mama mkwe." Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Amekula? Jirani aliniahidi atampelekea chakula. Hali peke yake, afande, lazima umkumbushe kwamba kijiko kiko mkononi. Na tafadhali, msimhoji. Kumbukumbu zake zimechoka. Atakalosema silo."

"Nani amesema nitamhoji?"

Mjane alirudisha macho kwenye makovu yake. Inspekta alimshukuru, akamrudisha, kisha akachukua kofia yake. Watuhumiwa wengi husukuma kosa kwa mwingine. Huyu alikuwa amelikumbatia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Fundi viatu alikuwa na kibanda pembeni mwa barabara, na nyuma ya kibanda sungura mkubwa wa kijivu alikuwa amejilaza kwa raha zote akitafuna ganda la karoti.

"Huyu ndiye dume lako?"

"Ndiye Jenerali mwenyewe," fundi alisema bila kuacha kushona soli.

"Mjane anayelisha sungura wa Mkuu alikuja kumwazima?"

Fundi aliacha kushona. Alimtazama Inspekta, akamtazama Jenerali, akacheka hadi akakohoa. "Amwazime wa kazi gani, afande? Huyu nilimhasi zamani. Alikuwa hana adabu, anapanda hadi viatu vya wateja. Sasa ni jenerali asiye na jeshi. Mwinue umtazame mwenyewe kama huniamini."

Inspekta alimwinua, akatazama, akamrudisha chini kwa heshima.

"Kumbe yule dada amesema amemtumia huyu?" fundi aliuliza, kicheko kimemwisha. "Amekudanganya. Kwa nini ajipeleke jela kwa uongo?"

"Ndilo ninalouliza. Hebu nisaidie, wewe umefuga. Mtoto wa sungura akizaliwa anafananaje?"

"Kama kidole kilichochunwa. Hana unyoya hata mmoja. Macho yamefumba, hayafunguki mpaka siku nyingi zipite."

"Hawezi kumwangalia mtu?"

"Amwangalie na nini?"

"Na mimba yake?"

"Mwezi, afande. Unazidi kidogo, unapungua kidogo, lakini ni mwezi. Na siku ya kuzaa kiota hulowa. Mama hulamba na kula kinachotoka, ila damu kidogo lazima uione."

Inspekta alisimama pale akipanga mambo kichwani. Faili lilionyesha majike hawakuwa wametimiza mwezi kwa Mkuu. Alimpigia simu mfugaji aliyewauza, na mfugaji akaapa kwamba kwake kila jike hulala peke yake, dume ana banda lake lenye kufuli, na hao wawili walitoka wakiwa wasichana. Basi hata kama dume lingeingia usiku ule ule wa kwanza, watoto bado wangekuwa matumboni. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mjane ilikuwa imeishia kwenye kibanda cha viatu. Lakini swali gumu lilibaki pale pale. Kama hakuna watoto, viota vimetoka wapi? Na kama mjane hakuiba, anamkinga nani?

Swali la pili lilijibiwa nyumba ya tatu kutoka kwa Mkuu. Jirani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alimfungulia mlango. Bibi alikuwa ameketi kitandani, nguo safi, nywele zimesukwa vizuri na mtu mwenye subira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutazama paa?"

"Nitalitazama, bibi. Unaendeleaje?"

"Mimi mzima. Ila vijana wa siku hizi mnachelewa. Mvua imeshapita ndiyo mnakuja."

Inspekta aliinua macho, akalitazama paa kwa makini, akaona kweli lina tundu. Jirani alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mjane humchukua bibi kila anapokwenda kazini, humketisha kwenye kigoda karibu na vizimba, maana hana wa kumwachia.

"Bibi, wale sungura unawajua?"

Uso wa bibi ulichangamka. Akapenyeza mkono chini ya mto, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na manyoya meupe, mengi, yameshindiliwa kama pamba ya kujazia godoro.

"Alikuwa anajivua nguo, maskini, na baridi ile," bibi alisema. "Nikafungua mlango nikamwokotea. Nitamrudishia."

Jirani alijishika mdomo. Inspekta alijua sasa mjane aliona nini siku ile: kizimba wazi, kiota kitupu, na mama mkwe amejaza manyoya mapajani.

"Na watoto, bibi?"

"Watoto wa nani?"

"Wa sungura."

"Wameshakuja?" Alifurahi kweli. Kisha furaha ikasita, akakunja uso. "Au nimewaweka mahali?" Akainuka. Akatazama chini ya kitanda, akafunua sufuria, akafungua kabati na kuanza kutoa nguo moja baada ya nyingine. "Nimewaweka mahali. Huwa naweka vitu. Mungu wangu, niliwaweka wapi?"

"Bibi, bibi. Hujaweka chochote." Inspekta alimshika mabega na kumketisha taratibu. Moyoni aliogopa kwamba huenda yeye ndiye anamdanganya mzee, maana bado hakuwa na uhakika. "Nipe hicho kitambaa nikutunzie."

Nje, kwenye mwanga wa jua, alikikunjua. Aliyapekua manyoya yote kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa meupe na makavu, hayana hata doa. Alimpigia simu daktari wa mifugo wakutane kwa Mkuu, akaelekea huko akitembea haraka kuliko alivyotembea mwaka mzima.

Mkuu aliwapokea uani amevaa tai. Tangu astaafu alikuwa hana wa kumvalia tai, lakini mazoea yana taabu.

"Inspekta, jambo hili limeshakamilika. Mshtakiwa amekiri."

"Amekiri kuiba watoto wenye manyoya na macho wazi, Mkuu. Watoto wa namna hiyo hawazaliwi."

Mkuu aligeukia vizimba.

Daktari wa mifugo, mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira na sauti isiyopoteza muda, alikuwa ameshainama kwenye kizimba cha kwanza. Alichungulia kiota, akanusa, akageuza nyasi. Kisha akamtoa jike, akamkalisha juu ya meza na kupapasa tumbo lake kwa vidole viwili huku amefumba macho. Akambonyeza chuchu kidogo. Tone la maziwa likatokea.

"Unaona!" Mkuu alisema. "Maziwa! Mzazi huyo!"

"Mji wake wa mimba ni mwembamba kama uzi wa kiatu," daktari alisema. "Wa aliyezaa juzi huwa bado umevimba. Huyu hakuzaa." Akamchukua wa pili, akapapasa. "Wala huyu. Mkuu, hivi vizimba viwili vilikuwepo tangu siku walipofika?"

"Hapana. Seremala alinichelewesha na cha pili."

"Wakati huo uliwaweka wapi?"

"Pamoja. Katika hiki kikubwa. Ni majike watupu, daktari, dada na dada. Nilifikiri wakiwa peke yao katika nyumba ngeni watasononeka. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa hapa jioni nikiwatazama wakicheza."

"Wakichezaje?" Inspekta aliuliza.

"Wakikimbizana. Wakirukiana."

"Kurukiana namna gani, Mkuu?"

Mzee aligeuza uso, akarekebisha tai.

"Tuwarudishe pamoja," Inspekta alisema. "Sasa hivi."

Daktari alishika taulo mkononi tayari kuwatenganisha wakipigana, akamwingiza jike wa pili kwenye kizimba cha wa kwanza. Wakanusana. Wakazungukana. Haukupita muda, yule mkubwa akampanda mwenzake mgongoni, akamkumbatia kwa miguu ya mbele, kiuno kikitikisika, sawasawa na dume. Kisha wakabadilishana zamu. Mkuu akasema "Astaghafiru" kwa sauti ndogo. Daktari akawatenganisha.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Kosa lilianzia hapa."

"Nieleze kama mtu ambaye hajui kitu," Inspekta alisema, "maana sijui."

"Ng'ombe, mbuzi, mwanamke, mayai yao hutoka kwa zamu, kila moja na wakati wake. Jike la sungura halina zamu. Mayai hukaa yameiva kwenye ovari yakisubiri. Akipandwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni. Tezi iliyo chini ya ubongo inamwaga homoni kwenye damu, homoni inafika kwenye ovari, na kabla siku haijageuka mayai yamechopoka."

"Na hiyo tezi inajuaje kama aliyepanda ni dume?"

"Haijui. Haiulizi."

Inspekta aliliandika hilo. "Na mbegu?"

"Mbegu ni ya kupata mtoto. Homoni haina habari nayo. Pale yai lilipotoka, kwenye ovari, panaota kivimbe kidogo cha manjano. Kazi yake ni kutoa homoni nyingine, ile ya kulea mimba. Inauambia mji wa mimba ujiandae. Inafanya kazi hiyo hiyo mimba iwepo isiwepo."

"Mpaka lini?"

"Mimba isipokuwepo, mji wa mimba wenyewe hugundua. Karibu na nusu ya muda wa mimba ya kweli, hutuma amri ya kuviua vile vivimbe. Homoni ya kulea inaporomoka, ya maziwa inapanda, na mwili unalielewa jambo hilo kwa namna moja tu, kwamba leo ndiyo siku ya kuzaa. Basi jike ananyofoa manyoya, anatandika kiota, maziwa yanashuka." Alimpapasa sungura masikio. "Tunaiita mimba ya uongo. Ila yeye hadanganyi mtu. Amefanya kila ambacho mama hufanya."

Inspekta alirudisha siku nyuma kichwani: majike kufika, seremala kuchelewa, viota kuonekana. Nusu ya mwezi, si mwezi. Kila kitu kikakaa mahali pake.

"Kwa hiyo mwizi ni nani?" Mkuu aliuliza. Mwalimu ndani yake bado alitaka jina la kuandika ubaoni.

"Hakuna mwizi, Mkuu. Hakujaibwa kitu. Watoto hawakuwahi kuwepo."

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama viota viwili, vilivyotandikwa vizuri kuliko kitanda chochote nyumbani mwake. "Nilipoona viota tu, niliwapigia wajukuu," alisema. "Niliwaambia kuna watoto, waje likizo. Nilipochungulia ndani, nikakuta patupu." Akavua miwani. "Nilimwita mwizi mbele ya watu. Na mama mkwe wake amekaa pale pale kwenye kigoda, anasikia."

"Utakuja kituoni kufuta malalamiko?"

"Nitakuja. Na nitasimama pale pale niliposimama kumtukana, mbele ya wale wale, niseme nilivyokosea." Akainuka, akasahau miwani kwenye ndoo, ikabidi daktari amkimbilie nayo.

Mjane alipoletwa tena chumbani, Inspekta hakufungua faili.

"Dada, sungura hawakuzaa."

Alimtazama bila kuelewa.

"Wote wawili. Daktari amewapima. Ilikuwa mimba ya uongo, wameipata kwa kuwekwa pamoja. Hakuna aliyechukua mtoto, kwa sababu hakukuwa na mtoto wa kuchukuliwa."

"Manyoya..."

"Nimeyaona. Yako makavu. Mama aliokota manyoya tu, akafikiri sungura anasikia baridi."

Mjane aliinua uso. "Kwa hiyo mama hakuwa..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa viganja vile vyenye makovu, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo mzito na bado shingo inauma. Siku zote zile, kumbe, alikuwa akiwaona akilini mwake watoto wanane wamefunikwa udongo mahali fulani kwa mikono ya mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe hakumbuki.

Inspekta alimsogezea glasi ya maji.

"Kutoa maelezo ya uongo polisi ni kosa, unajua?" alisema baadaye, ila kwa upole. "Utaandika mengine, ya kweli. Lakini nieleze jambo moja. Mumeo ameshafariki. Mama mkwe si mama yako. Ungefungwa."

"Ningefungwa mimi, afande, ningetoka. Yeye wakimweka kwenye chumba asichokijua atakufa kwa woga." Alifuta macho. "Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kunitoa kwenye nyumba. Sina mtoto, walisema, nakaa kama nani? Mama akasimama mlangoni. Akawaambia, huyu ni binti yangu, anayemtoa anitoe mimi kwanza. Sasa amesahau karibu kila kitu. Jina la mwanawe hajui. Lakini hilo bado analo. Kila siku ananiita binti yangu."

Sajini aliyekuwa amesimama mlangoni aliangalia pembeni, na tangu siku hiyo utani wa sungura haukusikika tena kaunta.

Jioni, karatasi zote zikiwa zimetiwa sahihi, Inspekta alimsindikiza mjane kwa gari la kituo. Bibi alikuwa kizingitini, amekataa kuingia ndani ingawa jirani alimbembeleza. Mjane alishuka gari halijasimama vizuri, akapiga magoti mbele yake.

"Mama. Nimerudi."

Bibi alimtazama muda mrefu, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Kisha akasogea kidogo kizingitini, akampapasia nafasi kando yake.

"Karibu, mwanangu, kaa," alisema. "Namngoja binti yangu. Ametoka kidogo, anarudi sasa hivi."

Mjane alimgeukia Inspekta, kisha akaketi. Akaushika mkono wa mzee.

"Haya, mama," alisema. "Tumngoje wote."